Nanga ya nondo ya kucha nne kwa kutegea madema: inaposhika na inapoachia

Nanga tunayoipima hapa ni ile inayotengenezwa na mafundi wa kuchomelea pwani yote, kuanzia Vanga mpaka Mtwara na visiwani: vipande vinne vya nondo vilivyounganishwa vikawa shina moja, vikakunjwa chini vikawa kucha nne, na juu ikachomelewa pete. Wengi huinunua kwa ajili ya mtumbwi au ngalawa. Sisi tunaipima kwa kazi nyingine: kulizuia dema, yaani mtego wa samaki wa fito au waya unaokaa chini ya bahari, lisihame mahali ambapo mawe hayatoshi: kwenye milango (njia za maji kati ya miamba au visiwa) yenye mkondo mkali, kwenye mwamba mtupu, na kwenye kitelemko cha nje ya mwamba.

Tuseme mapema tunachokiona. Kwenye mwamba mfu na vifusi vya matumbawe hatujaona zana ya bei kama yake inayoizidi. Kwenye mchanga ni ya wastani, na lazima iongezwe kitu. Kwenye nyasi za bahari na kwenye tope la mikoko usipoteze fedha yako.

Anayetega madema kwa mawe huanza kwa kuongeza mawe, na hapo ndipo hesabu inapomshinda. Chukua dema la fito lenye urefu wa mita 1.5, upana wa mita 1.2 na kimo cha sentimita 60, likiwa limeuelekezea mkondo upande wake wa mita 1.2. Maji yakienda nusu mita kwa sekunde, ambayo ni karibu maili moja ya bahari kwa saa, yatalisukuma kwa nguvu ya kama kilo 8. Yakienda mita moja kwa sekunde, nguvu haiwi kilo 16 bali kama kilo 30, kwa kuwa mwendo ukizidi mara mbili msukumo huzidi mara nne. Haya ni makadirio. Fito zikibanana zaidi, au mwani ukinasa, namba zinapanda. Jiwe lililokaa tu juu ya mwamba, bila kung'ang'ania kitu, huzuia takribani nusu ya uzito wake wa majini. Kwa hiyo mkondo wa kwanza unataka kilo 16 za uzito wa majini, na wa pili unataka 60.

Na uzito wa majini si ule unaoubeba kutoka ufukweni. Saruji hupoteza kama asilimia 43 ya uzito wake ikiingia baharini: ndoo ya lita 10 ya zege ina kilo 24 nchi kavu na 14 tu chini. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, hupoteza nusu au zaidi. Kupata kilo 60 za majini kwa mawe ya namna hiyo unahitaji zaidi ya kilo 120 ndani ya chombo, kwa dema moja. Ngalawa haiwezi, na mgongo wa mtu hauwezi. Nanga ya nondo ya kilo 3 haishindani kwa uzito hata kidogo. Inashika kwa kucha, na kucha moja iliyoingia vizuri chini ya ukingo wa mwamba inazuia kuliko rundo zima la mawe.

Sasa bidhaa yenyewe. Madukani na kwa mafundi utakuta unene wa aina tatu. Nondo ya milimita 10 ina gramu 617 kwa mita, ya 12 ina gramu 888, ya 16 ina karibu kilo 1.6. Nanga nzuri ya dema hutumia vipande vinne vya sentimita 90: sentimita 50 za shina na 40 za kucha. Kwa nondo ya 12 unapata kilo 3.2 kabla ya pete, na hiyo ndiyo tunayoipendekeza. Ya milimita 10 hufunguka kucha mapema mno kwenye mkondo wa bamvu, yaani siku za maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Ya milimita 16 ni imara kupita kiasi: ikinasa kwenye mwamba haikunjuki, na utakata kamba ukaiacha huko pamoja na dema.

Kabla hujalipa, angalia vitu hivi. Mkunjo wa kucha uwe wa mviringo mpana. Nondo yenye mistari ikikunjwa kwa pembe kali hupata nyufa ndogo nje ya mkunjo, na chumvi huingia humo. Pitisha ukucha wako, utazihisi. Kucha zielekee juu kwa pembe ya kama nyuzi 40 hadi 50 kutoka kwenye shina. Zikiwa zimelala karibu mraba hukwaruza mwamba bila kuingia, na zikiwa zimebana sana kwenye shina hazina nafasi ya kukumbatia jiwe. Chomeo liwe refu na la kuendelea kwa pande zote nne za shina, si matone mawili matatu juu na chini. Kati ya nondo nne hubaki mfereji mwembamba, na huko ndiko kutu huanzia, kwa hiyo fundi mwangalifu hufunga ncha zote mbili za mfereji huo. Mwisho, pete: itoke kwenye nondo ya angalau milimita 10, iwe duara kamili iliyochomelewa mpaka ikafunga. Pete nyingi huachwa na mwanya mdogo ambao kamba huusaga usiku kucha.

Kuna aina ya pili ambayo baadhi ya mafundi huitengeneza ukiagiza: shina ni bomba la chuma la inchi moja, na kucha ni vyuma laini vya duara vya milimita 8 au 10 vilivyopitishwa humo. Kwenye mwamba wa matumbawe hii ni bora zaidi. Ikinasa, kamba ikivutwa kwa nguvu kucha hunyooka, nanga inatoka, na unazikunja tena kwa mkono au kwa kipande cha bomba. Chuma laini hustahimili kukunjwa mara nyingi, nondo yenye mistari haistahimili. Ubaya wake ni huo huo uzuri wake: usiitumie peke yake kwenye mlango wenye mkondo wa bamvu.

Kosa tunaloliona likirudiwa zaidi ni kulifungia dema nanga kama kinavyofungiwa chombo. Chombo kiko juu ya maji, kwa hiyo kamba yake lazima iwe ndefu mara tatu hadi tano ya kina ili nanga ivutwe kwa ulalo. Dema liko chini, sawa na nanga. Kamba ya mita 4 hadi 6 kati yao inatosha, kwa kuwa mvuto tayari ni wa ulalo. Kamba ndefu zaidi ya hapo hulegea maji yakisimama, ikajizungusha kwenye vichwa vya matumbawe, na asubuhi dema linakuwa limefungwa na kitu ambacho hukukifunga wewe.

Ifunge kwenye fremu ya chini ya dema, si ya juu. Tumia hatamu ya miguu miwili kutoka pembe mbili za upande mwembamba, ikutane mita moja mbele. Ikifungwa juu, mkondo hulilaza dema chali, na samaki waliokwisha kuingia hupata mwanya. Ikifungwa chini kwa upande mwembamba, maji hupata eneo dogo la kusukuma na mvuto hulikandamiza dema sakafuni. Hata hivyo, acha mawe mawili matatu ndani au kwenye pembe za chini, yawe kilo 15 hadi 20 jumla. Kazi yake si kuzuia mkondo, ni kulituliza dema lisirukeruke kwa mawimbi, kwa sababu kurukaruka ndiko kunakoing'oa kucha.

Tatizo kubwa kuliko yote liko kwenye kugeuka kwa maji. Kila baada ya saa sita na dakika kumi na mbili hivi, maji kujaa yanageuka kuwa maji kupwa, na mkondo wa mlangoni unageuka nao. Nanga iliyoshika vizuri sana kwa mkondo wa kuingia, ikivutwa kutoka nyuma hutoka kwenye ukingo wake kirahisi. Mbaya zaidi, dema hupita juu ya nanga, kamba ikazunguka kucha, na kuanzia hapo nanga inaburutwa kwa kichwa na haishiki tena mahali popote. Anayetega alasiri na kurudi alfajiri huwa amepitiwa na mgeuko angalau mara mbili. Katika mlango kama ule wa kati ya Shimoni na Wasini, nanga moja ni kubahatisha.

Dawa ni nanga mbili kwenye mstari wa mkondo, dema katikati. Subiri maji yasimame, dakika chache kabla ya kugeuka. Shusha nanga ya kwanza upande mkondo unakotoka, acha chombo kirudi taratibu, kisha ivute kwa mkono. Ukisikia mtetemo wa kukwaruza, haijashika. Inyanyue mita moja na ujaribu tena. Ikishika, kamba hukaza ghafla na hubaki kimya. Ndipo ushushe dema. Nanga ya pili ishushwe kwa kamba nyingine iliyopitishwa petini mara mbili: shikilia ncha zote mbili, rudi nyuma mpaka kamba ya dema ikaze, iache nanga ikae, kisha achia ncha moja na uivute kamba ya kushushia mpaka itoke yote. Kwenye maji ya mita 3 hadi 8 pana njia bora kuliko hiyo, nayo ni mzamiaji kuzipeleka kucha kwa mkono. Atachagua mwamba mfu, ataona kama kucha imeingia, na hatavunja matumbawe hai. Tunalisisitiza hili kwa sababu matumbawe yanayovunjwa na nanga leo ndiyo nyumba ya tasi na changu unaowatafuta mwakani. Dema likae kwenye mchanga kando ya mwamba; kucha ndiyo iende kwenye jiwe, na jiwe liwe mfu.

Kuiopoa nako kuna utaratibu. Usifunge kamba petini moja kwa moja. Ifunge kichwani, pale kucha zinapokutana, ipandishe kando ya shina, kisha uibane petini kwa uzi mwembamba wa nailoni. Mkondo ukivuta, nguvu inapita petini na nanga inafanya kazi kama kawaida. Ikinasa, kaza kamba ukiwa juu yake, ifunge kwenye chombo na usubiri wimbi likinyanyue. Uzi utakatika, mvuto utahamia kichwani, na kucha zitatoka kinyumenyume. Unene wa uzi ndio siri. Upime nchi kavu: uweze kuning'iniza mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 bila kukatika, na ukatike ukiongeza wa pili. Usitumie katani hapa. Katani huoza majini, na uzi uliokuwa sawa mwanzo wa bamvu hautakuwa sawa bamvu lijalo.

Kwenye kitelemko cha nje ya mwamba, nanga iwe upande wa juu daima. Wapo wanaoiweka chini ili ivute dema likae. Ikiachia, dema zima linateremka kwenye kina. Kwa kuwa mkondo wa huko hupita kandokando ya mwamba, nanga moja ya juu hulifanya dema libembee kushoto na kulia na kamba isagike kwenye ukingo. Weka mbili juu, zikiachana kwa pembe, ili kila moja ipokee mkondo wa upande wake. Sehemu ya kamba inayogusa ukingo iwe mnyororo: mita 1.5 ya milimita 8, wenye kama kilo 1.4 kwa mita. Huna mnyororo? Pitisha kamba ndani ya mpira wa maji wa urefu wa mita moja na uufunge pande zote mbili usiteleze. Ni suluhisho la muda, uukague kila ukiopoa. Wakati wa kusi, mkondo mkuu wa pwani yetu uendao kaskazini huwa na nguvu zaidi, na kitelemko kinachotegeka vizuri wakati wa kaskazi huenda kisitegeke kabisa.

Kwenye mchanga, kucha za nondo hukata kama kisu zikapita. Kati ya kucha nne ni moja au mbili tu zinazozama, na ni nyembamba. Mwambie fundi achomelee bamba la chuma la sentimita 6 kwa 8, unene wa milimita 4, kwenye ncha ya kila kucha. Nyongeza hiyo ndogo hubadilisha kabisa tabia ya nanga mchangani, ila huiharibia kazi ya mwambani, kwa hiyo usitarajie nanga moja ifanye yote mawili. Kwenye nyasi za bahari kucha hujaa nyasi, hazifiki ardhini, na unapoivuta unang'oa mizizi inayoshikilia mchanga wenyewe. Huko tumia zege. Ndoo mbili za lita 10, mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu, zilowekwe siku saba kabla ya kazi. Badala ya pete ya nondo, pitisha kipande cha bomba la plastiki katikati kabla zege halijakauka, na kamba ipite humo. Hakuna chuma cha kuota kutu na kupasua zege. Mfuko mmoja wa saruji hutoa zaidi ya ndoo kumi. Kwenye tope, zege huzama lenyewe na kushika vizuri mno, kwa hiyo lipe kamba nene ya kuling'olea.

Kamba. Polipropilini ni rahisi na haiozi, lakini inaelea, na jua huila. Nailoni inazama na hunyumbuka, jambo jema kwenye mawimbi, ingawa ikilowa hupungua nguvu kidogo. Mpangilio unaofaa ni huu: sehemu ya chini, karibu na dema, iwe polipropilini ili iinuke isisagwe na matumbawe, sehemu ya juu, karibu na chilezi (boya la kuonyesha dema lilipo), iwe nailoni ili izame isikamatwe na rafadha (mapanga ya injini) za boti. Wanaotumia polipropilini tupu waning'inize jiwe dogo au risasi mita tatu chini ya chilezi. Unene usipungue milimita 8. Ya milimita 6 ina nguvu ya kutosha, lakini huchana viganja vya anayeopoa.

Urefu wa kamba ya chilezi uhesabiwe kwa maji makubwa ya bamvu. Hapa kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvu hufikia mita 3 hadi 4. Palipo na mita 8 maji yakipwa patakuwa na 12 yakijaa. Zidisha kwa moja na nusu, unahitaji mita 18. Anayepima wakati wa maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, hukuta bamvu limemzamisha chilezi. Na chupa tupu za maji ndizo zinazoponza hapo: zikivutwa mpaka mita 10, hewa iliyomo hubanwa ikawa nusu, chupa inabonyea na haina nguvu ya kurudi juu hata mkondo ukipoa. Chilezi cha plastiki ngumu au cha povu hakina tatizo hilo. Viwili vidogo vilivyofuatana, cha pili mita mbili nyuma ya cha kwanza, ni bora kuliko dumu moja kubwa ambalo mkondo hulivuta kwa nguvu zaidi.

Fundo la petini liwe la kuzungusha kamba mara mbili, mkia upite kwanza chini ya mizunguko yote miwili, kisha fundo moja juu yake, na mkia uliobaki wa sentimita 15 ubanwe kwa uzi. Nailoni mpya inateleza. Bila kuubana mkia, fundo hujifungua lenyewe maji yakicheza. Ukitumia pete ya chuma yenye komeo la skrubu kuunganishia mnyororo, funga komeo kwa waya, na chuma kiwe cha aina moja. Komeo la chuma kisichoota kutu kwenye mnyororo wa mabati hufanya mnyororo uliwe haraka kuzunguka mahali vinapogusana.

Nanga hii haidumu milele. Rangi ya lami huongeza muda, lakini ikipakwa juu ya kutu hubanduka mapema, kwa hiyo isugue kwa brashi ya waya kwanza. Kila baada ya bamvu gonga shina kwa nyundo. Mlio mkavu wenye mtikisiko maana yake chomeo limeachia ndani, hata kama nje panaonekana pazima. Mkunjo uliopungua unene kwa theluthi, nanga hiyo ibaki ya maji mafu tu.

Yote haya hayaondoi uwezekano wa dema kupotea, na dema la waya likipotea huendelea kuvua na kuua kwa muda mrefu bila mtu kufaidika. Mlango wa kutolea samaki ufungwe kwa katani: ikioza, mlango unafunguka wenyewe. Dema liwe pia na mwanya wa wima wa sentimita 3 hadi 4 kwa 30, kama yale yaliyofanyiwa majaribio Kenya, ili samaki wadogo watoke. Kumbuka vilevile kwamba ndani ya hifadhi za taifa za bahari za Kenya, kama Kisite na Malindi, hairuhusiwi kuvua kwa zana yoyote, na kwamba Mafia ina kanda zenye masharti tofauti. Ulizia kamati ya ufukwe kabla ya kushusha kitu.

Ukinunua kwa ajili ya madema manne ya mlangoni, nunua nanga nane za nondo ya milimita 12, na nyingine mbili za bomba lenye kucha laini kwa sehemu zenye mashimo mengi. Chora ramani yako kwa alama mbili mbili za nchi kavu, mnazi na mnara, au kwa simu yenye GPS, maana chilezi hukatwa na rafadha hata pale nanga ilipofanya kazi yake. Dema lililobaki mahali pake linaweza kuopolewa na mzamiaji.